Maana ya mansabu na jagiri katika milki ya Moghul

Mansabu ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake cheo. Katika milki ya Moghul ya India kilikuwa cheo chenye namba. Mfalme Akbar, aliyetawala kuanzia 1556 hadi 1605, aliwapanga maofisa wake kuanzia 10 hadi 5,000. Waliopita hapo karibu wote walikuwa wana wa mfalme. Baadaye namba hiyo ikagawanywa mara mbili: zati, yaani daraja na mshahara wa mtu mwenyewe, na sawari, idadi ya wapanda farasi aliotakiwa kuwa nao tayari kwa vita. Kila farasi alipigwa chapa, ili hazina isilipe farasi hewa.

Wengi hawakulipwa fedha mkononi. Walipewa jagiri, yaani haki ya kukusanya kodi ya ardhi ya eneo fulani. Watu huidhania kuwa shamba la mtu, kumbe sivyo. Kwa kawaida ofisa hakuweza kumrithisha mwanawe, na baada ya miaka mitatu minne alihamishiwa kwingine asije akaota mizizi. Kwangu mimi, mfumo huu wa vyeo na jagiri ndio uliokuwa uhodari mkubwa wa Akbar kuliko vita vyake vyote. Babu yake, Babur, alishinda vita vya Panipat mwaka 1526 kwa mizinga, lakini baba yake, Humayun, akafukuzwa mwaka 1540 na mpinzani wake, Sher Shah Suri. Akbar aliwaweka Warajput wa Kihindu, Waajemi, Waturani (watu wa Asia ya Kati) na Waislamu wazaliwa wa India katika ngazi moja ya vyeo, na kila mmoja akawa na lake la kupoteza milki ikianguka.

Ila ngazi hiyo ililishwa na ardhi. Mfalme Aurangzeb, kitukuu cha Akbar, alihamia kusini, Deccan, mwaka 1681, akateka falme za Bijapur mwaka 1686 na Golconda mwaka 1687. Ili kuwavuta makamanda wa huko, wakiwemo Wamaratha, aliwagawia vyeo kwa wingi, hadi vyeo vikazidi jagiri. Watu walingoja kwa miaka. Aliyebahatika kupata alijua atahamishwa wakati wowote, kwa hiyo alimkamua mkulima mapema. Wanahistoria bado wanabishana: je, ardhi ilikwisha kweli, au mfalme alijitengea maeneo yenye rutuba ili kugharimia vita? Kwa ofisa aliyekosa mshahara, tofauti ilikuwa ndogo.

Aurangzeb alifariki mwaka 1707. Nizam-ul-Mulk, ofisa mkubwa wa milki, akajitwalia Hyderabad mwaka 1724, na watawala wa majimbo ya Bengal na Awadh nao wakajiendeshea mambo yao. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliipora Delhi, akaondoka na Kiti cha Enzi cha Tausi. Kisha mwaka 1765, mfalme Shah Alam II akaipa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki haki ya kukusanya kodi ya Bengal, Bihar na Orissa, na kampuni hiyo mfalme hakuwa na uwezo wa kuihamisha kama walivyohamishwa maofisa wenye jagiri.