Usiuze shamba kwa ajili ya umeme wa kichwani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Muheza alinifuata nje ya chumba chetu cha tiba ya usemi hapa Tanga, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nikiuza shamba la michungwa nimpeleke baba nje akawekewe umeme wa kichwani, atasema tena?"

Kiharusi kilimpiga baba yake upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio wenye lugha. Akili anazo timamu. Mwamkie, ataitika "marahaba" bila kukwama, na Al-Fatiha anaisoma hadi mwisho. Lakini mpe kijiko akitaje: atakigeuzageuza mkononi, machozi yanamlengalenga. Kilichozoeleka tangu utotoni hutoka chenyewe. Jina la kijiko linabidi litafutwe. Ndipo ndugu wanapodhani mzee anajifanya, au amechezewa. Hajifanyi. Hii ni afasia: kiharusi kimemharibia njia ya kuyapata maneno.

Kuhusu umeme wenyewe: sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani, ukapitishwa mkondo wa miliampia 1 au 2 kwa dakika kama 20. Ni mdogo mno kuzifyatua seli za ubongo. Huzisogeza tu karibu na kufyatuka, ili zikiitwa ziitike upesi. Zinaitwa na nini? Na mazoezi ya kusema. Mgonjwa akikaa kimya na sponji zake, hakuna aliyeziita. (Tafadhali, msijaribu hili nyumbani kwa betri.)

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 74. Wote walipata vipindi 15 vya kutaja majina ya vitu, baadhi kwa umeme wa kweli, wengine kwa wa kuigiza. Wa umeme waliongeza wastani wa maneno 13.9, wenzao 8.2. Tofauti hiyo inatia moyo. Mimi hiyo 8.2 ndiyo niliyomwonyesha kijana, kwa sababu imepatikana kwa mazoezi matupu. Na kutaja picha mezani bado si kuongea na mkeo: faida ya umeme katika mazungumzo ya kila siku haijathibitika.

Kwa hiyo nilimwambia asiuze. Kila siku baada ya Alasiri wakae barazani na vitu vya mzee mwenyewe, avitaje kimoja kimoja. Wasimalizie neno kwa haraka. Mafunzo mengi ya fani yetu yametokana na lugha za Ulaya, yanasema msaidie kwa silabi ya kwanza, lakini kwetu "ki..." haimsaidii, maana kikombe, kisu na kiti vyote vinaanzia hapo. Afadhali uanze sentensi, "Uji tunakorogea...", kisha unyamaze, hata dakika nzima ipite.

Wanarudi Jumanne. Nimewaomba waje na vitu vitano, mzee avichague yeye.