Albamu ya bluzi maana yake nini hasa?

Ukiombwa umtajie mtu albamu tano za rumba au za reggae, hutasumbuka sana. Ukiombwa tano za bluzi, kwa mtu anayetaka kuanza kukusanya, utajikuta unajikuna kichwa. Albamu za kutaja zipo tele. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya bluzi bora haikurekodiwa kama albamu, na baadhi ya waliorekodi walikufa kabla albamu tunayoijua leo haijabuniwa. Kwa hiyo kabla ya orodha, neno lenyewe.

Bluzi ni muziki wa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, watoto na wajukuu wa watu waliozaliwa utumwani. Uliiva kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, mashambani kwenye pamba, kwenye kambi za wakata mbao na kwenye vilabu vya pombe vya Jumamosi usiku. Beti yake ya kawaida ina mistari mitatu: wa kwanza unaimbwa, wa pili ni ule ule unarudiwa, wa tatu unajibu. Chini yake muziki unatembea vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, na mwimbaji akinyamaza mwisho wa mstari, gitaa linaitikia. Noti mbili tatu za skeli, hasa ya tatu na ya saba, hushushwa kidogo mpaka zikawa si za huku wala za kule, na hapo ndipo muziki unapochoma. Watu husema bluzi ni huzuni. Ni nusu ya kweli. Nyingi ni za kejeli, za kutongoza, za majigambo, na nyingine ni matusi yaliyovikwa mafumbo kiasi kwamba mshairi wa mwambao angecheka kabla ya mtafsiri kumaliza kazi yake.

Sasa albamu. Mnamo 1920 Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" kwa kampuni ya Okeh, ikauzika vibaya sana, kwa maana nzuri ya neno hilo, na makampuni yakagundua kwamba watu weusi nao hununua santuri. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka thelathini, bluzi ilitoka kwenye sahani ngumu za mizunguko 78 kwa dakika: wimbo mmoja upande huu, mwingine upande wa pili, kila upande dakika tatu hivi, basi. Ni santuri za aina ile ile zilizobeba sauti ya Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928. Mwaka huo huo, upande wa pili wa dunia, mkulima wa Mississippi aitwaye John Hurt alirekodi nyimbo zake za kwanza, akarudi shamba, akakaa huko mpaka 1963 alipokuja kutafutwa.

Neno albamu wakati huo lilikuwa na maana ile ile ya albamu ya picha: kitabu chenye mifuko, unachopachika sahani zako zisivunjike. Santuri ndefu, ile ya dakika ishirini na kitu kila upande, ilianza kuuzwa 1948. Hapo ndipo kampuni zilipoanza kurudi kabatini, kuchambua sahani za zamani na kuzipanga pamoja. Albamu nyingi za bluzi zinazoitwa za lazima ni kazi hiyo ya kupanga, iliyofanywa na mtu mwingine, wakati mwingine miaka mingi baada ya mwimbaji kuzikwa.

Robert Johnson ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Alirekodi mara mbili tu maishani: San Antonio, Texas, Novemba 1936, na Dallas, Juni 1937. Jumla nyimbo 29. Agosti 1938 akafa, akiwa na miaka 27. Hakuwahi kuona albamu yake. Mwaka 1961 kampuni ya Columbia walichagua vipande 16, wakaviita King of the Delta Blues Singers, na vijana wa Uingereza waliokuwa wakijifunza gitaa wakaishikilia kama msahafu. Mwaka 1990 ikatoka The Complete Recordings yenye kila kitu kilichojulikana wakati huo, vipande 41, kwa sababu nyimbo kadhaa alizirekodi zaidi ya mara moja. Anayeanza ningemwambia anunue ile ya 1961. Kwenye mkusanyo kamili unasikia wimbo, kisha unausikia tena palepale, raha kwa mtafiti na adhabu kwa mtu anayepika chakula cha jioni.

Lakini kuna mahali pa kurudia. Katika "Come On in My Kitchen", ile ya polepole, Johnson anaacha kuimba, anashusha sauti na kumuuliza mwanamke aliye naye kama hasikii upepo unavyovuma huko nje. Kisha hasemi kitu. Kidole chenye kipande cha chupa au bomba kinateleza juu ya uzi mmoja, na upepo unavuma. Mtu mmoja, gitaa moja, chumba cha hoteli.

Wakusanyaji wa muziki mwingine huwa wanadharau albamu zenye maneno "The Best of", wakiona ni za wavivu. Kwenye bluzi acha dharau hiyo mlangoni. The Best of Muddy Waters, iliyotolewa na kampuni ya Chess mwaka 1958, ina nyimbo 12 zilizokuwa zimeshatoka mojamoja kati ya 1948 na 1954, na ukiipanga akilini kwa miaka utaisikia bendi ikizaliwa. Mwaka 1948, "I Can't Be Satisfied": Muddy, aliyekuwa dereva wa trekta Mississippi na kuhamia Chicago 1943, yuko na mpiga besi tu. Gitaa ni la umeme lakini mwendo bado ni wa shamba. Mwaka 1950, "Rollin' Stone": yuko peke yake, na wimbo huo ndio uliolipa jina kundi maarufu la Waingereza, Rolling Stones. Mwaka 1954, "Hoochie Coochie Man": piano, dramu, besi, gitaa la pili, na Little Walter akipuliza kinanda cha mdomo kupitia kipaza sauti mpaka kinanguruma. Bendi inapiga, inakata, Muddy anasema neno lake, bendi inapiga tena. Kwa miaka sita muziki umehama kijiji ukaingia jiji. Hakuna albamu iliyopangwa mapema ambayo ingeonyesha safari hiyo hivi.

Howlin' Wolf naye ni hivyo hivyo: Moanin' in the Moonlight ya 1959 na ile ya 1962 yenye kiti cha kubembea kwenye jalada ni mikusanyo ya nyimbo mojamoja, na mara nyingi huuzwa pamoja. Zichukue zote mbili. Usidanganyike na ile ya 1969 ambamo kampuni ilimvisha bluzi yake mavazi ya rock ya vijana. Jalada lenyewe linatangaza kwa herufi kubwa kwamba hii ni albamu mpya ya Howlin' Wolf na mwenyewe haipendi.

Albamu zilizofanywa kama albamu, tangu mwanzo, zinakuja baadaye. Hoodoo Man Blues ya Junior Wells, iliyorekodiwa Chicago mwaka 1965, ni mojawapo ya za mwanzo zilizojaribu kunasa bendi ya klabu jinsi inavyopiga usiku, bila kuwaza santuri ya redio. Watu wanne tu. Aliyeitoa, Bob Koester wa Delmark, alikuwa na duka la santuri, si kampuni kubwa. Kipaza sauti cha gitaa la Buddy Guy kiliharibika katikati ya kazi, fundi akaliunganisha gitaa na spika ya kinanda cha Hammond, ile inayozunguka ndani ya kabati. Ndiyo maana kwenye nyimbo kadhaa gitaa linasikika kama linapigwa chini ya maji. Na jina la Guy halikuandikwa kwenye jalada la kwanza, kwa hofu ya mkataba wake na kampuni nyingine. Aliandikwa "Friendly Chap", yaani jamaa mwema.

Aina ya tatu ni ya jukwaani, na hapo sina ubishi na mtu: Live at the Regal ya B.B. King, iliyorekodiwa Chicago tarehe 21 Novemba 1964. Sikiliza anavyolalamika kwamba kampa mwanamke watoto saba na sasa anataka kumrudishia. Ukumbi unalipuka kwa mayowe, hasa ya wanawake, na yeye anangoja yatulie kidogo kabla ya kuendelea, kama msimulizi anayejua kijiji chake. Miaka kumi baadaye, Septemba 1974, alikuwa Kinshasa kwenye tamasha la muziki lililotangulia pambano la Ali na Foreman, na waliokuwepo walimwona King yule yule wa Regal.

Kwa hiyo ukishika santuri au ukifungua ukurasa wake kwenye simu, usiangalie mwaka uliochapishwa kwanza. Tafuta mwaka wa kurekodiwa. "1961" kwenye jina la Johnson haina maana kwamba alikuwa hai.

Mpangilio wangu kwa ujumla ni wa kurudi nyuma: King kwanza, kisha Wells, Muddy, Wolf, Johnson. Charley Patton ningemweka mwisho, ingawa kwa umri ndiye baba yao. Alirekodi kuanzia 1929 kwa Paramount, kampuni iliyokuwa ya watengeneza viti huko Wisconsin, walioingia kwenye santuri kwa sababu walikuwa wakitengeneza makabati ya gramafoni. Sahani zao zilikuwa za bei rahisi, na tunachosikia leo kimetolewa kwenye nakala zilizochakaa kwa kupigwa. Dakika za mwanzo utasikia mafuta yanakaanga tu. Vumilia. Kama kwenye wimbo wa nne au wa tano sikio litapita nyuma ya mikwaruzo, litakutana na kiganja kinachogonga tumbo la gitaa kama ngoma.