Virginia Tupu: Utamu wa Jani, Si wa Chupa

"Mimi siku hizi navuta Virginia tupu," mtu anatangaza, halafu anafungua kifuko chake na harufu ya vanila inafika meza ya tatu. Ukimuuliza utupu wenyewe uko wapi, anakujibu bila wasiwasi kwamba ni tupu kwa sababu ni laini, na ni Virginia kwa sababu imetoka Marekani. Maneno haya nimeyasikia Kampala, nimeyasikia Arua, na juzi nimeyasikia kwa mtu anayewafundisha wenzake kushika kiko. Basi tuliweke sawa.

Virginia ni tumbaku iliyokaushwa kwa hewa ya moto ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, lililozibwa. Kuni zinawaka kwenye tanuri, joto linapita ndani ya mabomba ya bati, na moshi unatokea nje bila kuyagusa majani. Watanzania wanaiita tumbaku ya mvuke, ingawa mvuke wenyewe haumo. Virginia tupu ni ile ambayo ndani ya kopo hamna jani la aina nyingine, wala marashi. Maana yake ni hiyo tu. Ukichanganya jani la njano na jekundu, la msimu huu na la miaka mitano iliyopita, bado ni tupu, maana yote yamepita kwenye moto wa aina moja.

Hili la mahali halistahili muda mrefu. Koloni la Virginia lilipewa jina kwa heshima ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza. Tumbaku waliyoikuta wageni kwa wenyeji wa pale ilikuwa kali na chungu kwa wanunuzi wa London, kwa hiyo mnamo 1612 hivi John Rolfe alipanda Jamestown mbegu zilizotoka pande za Karibi na Amerika Kusini. Maana yake hata mbegu iliyolipa jina umaarufu haikuwa ya Virginia. Na ule moto unaoitambulisha tumbaku hii leo haukutoka huko pia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1839, kwenye shamba la Abisha Slade huko Caswell County, North Carolina, mtumwa aliyeitwa Stephen, ambaye pia alikuwa mhunzi, aliona moto wa bani unazimika usiku. Akakimbilia makaa ya kazi yake ya uhunzi na kuyatupia pale. Joto likapanda ghafla, na asubuhi majani yalikuwa ya njano ya kung'aa kama hayajawahi kuonekana. Leo jani hilo linalimwa Brazil, Zimbabwe, India, Tabora, na hapa kwetu Uganda, West Nile na Bunyoro. Mkulima wa Arua akisema analima Virginia, anasema kweli, hata kama hajui Marekani iko upande gani.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniudhi hasa, yaani utamu.

Jani la tumbaku lililokomaa lina wanga mwingi. Likishachumwa na kuanza kugeuka manjano, ule wanga unageuka sukari. Hapo ndipo njia zinapoachana. Jani linaloning'inizwa bandani likauke kwa hewa, kama la aina iitwayo Burley, halifi mara moja. Linaendelea kuishi kwa wiki kadhaa, na katika muda huo linaila sukari yake lenyewe. Likiwa tayari, sukari iliyobaki ni kidogo mno, haifiki hata sehemu moja kwa mia. Ndani ya bani la moto mambo ni mengine. Joto linaanza pole pole, nyuzi 35 hadi 40, mpaka majani yawe manjano. Kisha linapandishwa hatua kwa hatua mpaka nyuzi 70 na kitu, ili hata kikonyo cha katikati kikauke. Kazi nzima huchukua kama wiki moja, na mwenye bani halali usingizi wa maana wiki hiyo. Moto unalikatiza jani uhai kabla halijamaliza akiba yake. Ndiyo maana Virginia hubaki na sukari ya kati ya 10 na 25 kwa kila 100 ya uzito wake mkavu.

Huo ndio utamu wa Virginia. Hakuna aliyeumimina. Uko kwenye jani tangu bani lilipofunguliwa, na umelipiwa kwa kuni nyingi. Watu wa West Nile wanajua miti mingapi imeingia kwenye matanuri hayo, na hilo ni deni ambalo mvuta kiko hapaswi kujifanya halijui.

Tumbaku ya marashi ni habari tofauti kabisa. Kiwandani huchukuliwa jani, mara nyingi Burley kwa sababu halina ladha kubwa ya kwake na hunywa mchuzi vizuri, likanyunyiziwa vanila, cheri, rumu au chokoleti. Unachokisikia chumbani ni mchuzi. Wapo wanaoipenda na sina ugomvi nao, ila wasiiite Virginia tupu. Wala wasiseme imetajwa kwenye lebo. Lebo ikiandika Virginia na Cavendish nyeusi, watu wengi husoma neno la kwanza na kuishia hapo, wakati Cavendish si aina ya jani. Ni namna ya kulipika jani kwa mvuke na mgandamizo, na ile nyeusi aghalabu hutiwa sukari na harufu. Tena hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 imepiga marufuku tumbaku yenye ladha za kuongezwa, pamoja na shisha. Sheria hiyohiyo inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21. Kwa hiyo yule wa kifuko cha vanila ana tatizo kubwa kuliko la msamiati.

Nikubali jambo moja dogo kabla wajuzi hawajanirukia. Viwanda vingi hulilainisha hata jani la Virginia tupu kwa maji yenye sukari kidogo kabla ya kulikata au kulikandamiza, ili lisivunjike. Mimi kipimo changu ni hiki: ukivuta usiweze kutaja kilichoongezwa, basi bado ni tupu. Ukiweza kukitaja, si tupu tena. Mwingine atachora mstari mahali pengine, na ana haki yake.

Upande wa pili wako ndugu zetu wanaodhani kwamba kwa kuwa Virginia inalimwa nyumbani, basi wanaijua tayari. Kijana anatoka shambani na mkono wa majani ya njano yaliyotoka banini wiki iliyopita, anayasagasaga, anajaza kiko cha babu, na baada ya mivuto michache anakunja uso. Jani hilo ni Virginia, na ni tupu kweli, lakini halijaiva. Lazima likae. Tumbaku ya viwandani huachwa kwenye marobota mwaka mmoja, miwili au zaidi, ukali wa ujana upungue. Nyingi ya kiko hukandamizwa pia mpaka iwe donge, kisha hukatwa vipande vyembamba, na kule kukandamizwa huku majani yamekaa pamoja ndiko kunakoleta ladha ya mkate na zabibu kavu. Kopo lililofungwa vizuri linaendelea kubadilika kwa miaka mingi. Jani la njano huanza na ndimu na majani makavu, likazeeka likaelekea asali. Jekundu linakuja na mkate uliookwa tangu mwanzo.

Anayepasua sigara na kuzimimina kwenye kiko naye yumo kwenye kundi hilo. Huenda ndani mna Virginia nzuri tu, lakini imekatwa laini sana na ni kavu mno. Inawaka kama nyasi.

Na tofauti nyingine, hii ni ya kwetu hasa. Mzee wa kijijini anayevuta emmindi yake, kiko cha kienyeji, barazani anavuta jani lililokauka taratibu chini ya paa, sukari ilishaondoka zamani. Moshi wake ni mzito, una nguvu, na unaingia mwilini kupitia mdomo. Kuna sababu ya hilo: moshi wa jani lisilo na sukari huelekea upande wa magadi, na nikotini hupenya kwa urahisi kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Moshi wa Virginia una tindikali kwa sababu ya ile sukari, kwa hiyo nikotini yake mdomoni haipenyi kwa wepesi huo. Mwenye mazoea ya tumbaku ya mzee akivuta Virginia tupu anaona hakuna kitu, anaongeza kasi akitafuta nguvu, na hapo ulimi unaanza kuwaka.

Hapa ndipo watu wengi wanapoachia. Mtu amenunua kopo kwa bei ya kuumiza mfuko, au kaletewa na shemeji kutoka Uingereza. Anavuta kwa mwendo wa sigara, kesho yake hawezi kunywa chai, na anahukumu. Nilimsikia mzee mmoja mstaafu wa jeshi akimjibu kijana aliyemlalamikia hivyo: "Kijana, wewe unakifukuza kiko. Kiache kije." Ni somo fupi, na lililobaki ni maelezo tu.

Maelezo yenyewe ni haya. Sukari ikiwaka inatoa joto kali na moshi wa tindikali, na jani likiwa na maji mengi linatoa mvuke unaochemsha ulimi. Tumbaku nyingi za kopo hufika zikiwa na unyevu kupita kiasi. Itandaze kwenye karatasi mpaka ukiibana kwa vidole irudi yenyewe bila kushikamana. Kama ni vipande, vifikiche, au vikunje na kuvisokomeza bila kukaza. Kiko kidogo kinafaa kuliko kikubwa. Washa, acha majani yainuke, shindilia kidogo, washa tena. Kisha vuta kana kwamba unahakikisha tu kuwa moto haujafa. Ukizimika uwashe, si aibu. Ladha ya Virginia haiko kwenye wingi wa moshi. Moshi ukiwa mwembamba, karibu hauonekani, ndipo utamu unapotokea, na katikati ya kiko mara nyingi unabadilika kabisa. Anayetaka wingu la moshi atafute kitu kingine.

Latakia, ile iliyofukizwa kwa moshi wa kuni na yenye harufu ya nyama iliyokaushwa, inamsamehe mwenye haraka. Perique, tumbaku iliyochachushwa ya Louisiana, ikichanganywa kidogo na Virginia huongeza pilipili na kuupunguzia ulimi adhabu, ndiyo maana wengi huanzia kwenye mchanganyiko huo. Ni njia nzuri ya kuingilia, lakini mchanganyiko huo hauitwi tena tupu, hata kama Virginia ndiyo iliyo nyingi. Virginia peke yake haikusamehei mwendo wako, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kuivuta. Wala tusidanganyane kuhusu afya. Kutoumeza moshi hakukifanyi kiko kuwa salama, na saratani ya mdomo haichagui tumbaku ya gharama. Sheria pia inakutaka usivute kwenye eneo la umma wala ndani ya mita 50 kutoka hapo, kwa hiyo barazani kwako ndiko mahali pake.

Nina ombi moja kwa wanaoonya wenzao kwamba Virginia tupu ni "kali". Ukali wa tumbaku ni nikotini: kichwa kinazunguka, tumbo linachafuka, unatafuta pa kukaa. Virginia nyingi hazifanyi hivyo zikivutwa kwa utaratibu, na zile zenye nguvu hujitambulisha mapema. Kinachokuunguza ulimi ni joto na mvuke, na vyote viwili viko mikononi mwako. Kwa hiyo akija mtu kulalamika, usimwambie arudie sigara wala atafute yenye vanila. Muulize kwanza jani lake lilikuwa na maji kiasi gani, na kiko kilimchukua muda gani kukimaliza. Akisema robo saa, mwambie pole pole, mzee, na umjazie kingine.