Ualbino hauthibitishi uzinzi wala laana

Moshi, kama kwingineko nchini, bado wapo wanaoamini kwamba mama mweusi aliyejifungua mtoto mwenye ualbino amezaa na Mzungu, au kwamba ukoo umelaaniwa. Imani hiyo imewaumiza akina mama wengi, nayo haina msingi wowote.

Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na melanini, ambayo seli maalumu huitengeneza kutokana na asidi amino iitwayo tairosini, na kimeng'enya kinachoanzisha kazi hiyo ni tairosinesi. Mtu mwenye ualbino anazo seli hizo. Kilichopungua ni melanini. Katika aina moja, jeni ya tairosinesi yenyewe ina hitilafu. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi Tanzania, kimeng'enya ni kizima, lakini hitilafu ya jeni nyingine, OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15, huyaacha mazingira yake ndani ya seli yakiwa na asidi kupita kiasi, nacho hushindwa kufanya kazi ipasavyo.

Mtoto huwa na hali hii anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia, ambao wote wanaweza kuwa weusi kabisa. Hapo uwezekano katika kila ujauzito ni 1 kati ya 4. Baba anayemshuku mkewe, basi, anasahau kwamba huenda nusu ya sababu anaibeba yeye mwenyewe.

Mtoto huyo anahitaji kukingwa na jua tangu uchangani, na katika hospitali ya KCMC, hapa Moshi, yametengenezwa mafuta ya Kilisun mahususi kwa ngozi ya namna hiyo.