Umetoka operesheni ya pua, sasa uko nyumbani: wiki za mwanzo zinakuwaje

Simu tunazopokea sana hapa kliniki ya pua, masikio na koo ni hizi za siku ya tatu, siku ya nne: "Nesi, mbona pua imeziba kuliko hata kabla sijafanyiwa? Au operesheni imefeli?"

Haijafeli. Pua baada ya operesheni inaziba, tena inaziba kwelikweli, kwa sababu ile ngozi laini ya ndani ina mishipa mingi ya damu na ikiguswa kidogo tu inavimba, sasa wewe umenyooshwa ukuta wa katikati, au umetolewa vinyama, au umesafishwa sainasi (yale mashimo ya hewa kwenye mifupa ya uso), ulitegemea nini? Juu ya huo uvimbe weka damu iliyoganda, kamasi nzito na magamba. Uvimbe unapanda siku mbili tatu za kwanza halafu unaanza kushuka taratibu, na wengi wanaanza kuhisi hewa inapita vizuri kuanzia wiki ya pili au ya tatu. Waliorekebishwa umbo la nje wavumilie zaidi, ile ncha ya pua inaweza kuchukua hadi mwaka mzima kutulia, kwahiyo acha kujipiga selfi kila asubuhi na kulinganisha.

Ambacho hatuwaambii watu vya kutosha ni habari ya siku ya kutolewa vitu puani. Sio wote wanawekewa, ila kama umewekewa gozi mara nyingi inatoka ndani ya siku moja au mbili, na vile vibao vidogo vya plastiki vinavyoshikilia ukuta (splinti) vinakaa kama wiki hivi. Kutoa ni suala la sekunde, unaambiwa pumua kwa mdomo, daktari anakata uzi, anavuta, machozi yanatoka yenyewe bila wewe kulia, damu kidogo, halafu ghafla hewa ya baridi inaingia mpaka unaihisi kichwani. Watu wanacheka pale kitini. Kesho yake asubuhi pua imeziba tena na mtu anapiga simu kakata tamaa kabisa. Ni uvimbe uleule na magamba mapya, tulia, endelea na maji ya chumvi.

Mambo mengine ya kawaida kwenye wiki hizi: kichwa kizito, harufu na ladha kupotea kwa muda, koo kukauka maana unalala mdomo wazi, na kwa walionyooshwa ukuta, meno ya mbele ya juu kufa ganzi. Hiyo ya meno inawatisha sana watu lakini kuna mshipa wa fahamu unapita chini pale karibu na ukuta wa pua, na kwa wengi hisia inarudi ndani ya wiki au miezi kadhaa.

Damu nayo. Siku ya kwanza na ya pili gozi iliyobandikwa chini ya pua utaibadilisha mara kadhaa, damu inakuwa nyekundu halafu inakuwa ya pinki, mwisho kamasi yenye michirizi. Lala umeinua kichwa, mito miwili au mitatu, sio kulala fofofo kifudifudi. Na usipenge kamasi kwa wiki mbili au mpaka daktari wako aseme, hata kama inakukera kiasi gani, futa tu zinazotoka. Ukipenga unang'oa damu iliyoganda na unasukuma hewa sehemu ambazo bado ni kidonda. Chafya ikija fungua mdomo itokee huko, kubana pua na mdomo ni hatari zaidi ya chafya yenyewe.

Sasa tuje kwenye linalotusumbua sana, yaani upendo wa ndugu. Mgonjwa anafika nyumbani, pua imeziba, mama mkubwa anasema huyu apigwe nyungu, mwarobaini na michaichai inachemka, blanketi juu. Jamani. Joto linapanua mishipa ya damu na mtu anaanza kutoka damu hapohapo chini ya blanketi. Hakuna kujifukiza wiki hizi, hakuna kuoga maji ya moto sana, wala kupaka zile dawa za menthol ndani ya pua. Chai na supu subiri zipoe kidogo. Ugoro ndio usiseme kabisa, na sigara na shisha vilevile, na ukiweza mtu mwingine akae kwenye jiko la mkaa au kuni badala yako.

Kina mama wana tatizo lao, nalisema wazi: unaruhusiwa kwenda nyumbani kupumzika halafu siku ya pili umeshika ufagio mfupi umeinama uani. Kuinama kufagia, kudeki, kufua kwenye beseni, kubeba ndoo, kubeba mtoto mzito, vyote vinapandisha presha ya damu kichwani, na pua ndio inapasuka kwanza. Wiki mbili. Waume na watoto wakubwa wasome hapa. Choo kigumu nacho ni hivyohivyo, ukijikamua sana damu inatoka, kwahiyo papai, mboga za majani na maji mengi. Walio kazi za ofisini wengi wanarudi baada ya wiki moja, wabeba mizigo, wa gym na wa bodaboda kwenye vumbi wasubiri zaidi.

Maumivu mara nyingi paracetamol inatosha. Aspirini, ibuprofen na diclofenac usinunue mwenyewe duka la dawa maana zinaweza kuongeza kutoka damu, meza tu kama daktari aliyekupasua ndio kakuandikia. Ila kama ulikuwa unameza aspirini ya moyo usiiache wala kuirudia kwa maamuzi yako, uliza. Na yale matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, yakizoeleka pua inaziba kwa sababu ya hayo matone yenyewe.

Maji ya chumvi ndio dawa kubwa na watu wanaidharau kwa sababu ni rahisi. Ukishaambiwa uanze, chemsha maji, yatokote dakika moja kamili (sehemu za milimani sana dakika tatu), yaache yapoe yawe vuguvugu, nusu lita weka kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa. Sirinji kubwa isiyo na sindano, inamia sinki kidogo tu, mdomo wazi, sukuma polepole. Magamba yanalainika yanatoka yenyewe, usiyachokonoe na kidole wala pamba. Maji ya bomba au kisima yasiyochemshwa hapana, kuna amiba inaitwa Naegleria fowleri ambayo inapitia puani kwenda kwenye ubongo, ni nadra lakini imeua watu, Karachi huko Pakistan imetokea zaidi ya mara moja.

Hapo Waislamu huwa wanauliza, na udhu je? Kupandisha maji puani kwa wengi wetu huku mwambao tunaofuata madhehebu ya Shafi ni sunna, na mgonjwa ana ruhusa zake, muulize shehe wako. Sisi upande wa tiba tunaomba usipandishe maji mpaka uruhusiwe, na siku za mwanzo uswali umekaa, uashirie rukuu na sijda, maana sijda kichwa kinakuwa chini kabisa na damu yote inakimbilia puani.

Miwani kama umerekebishwa mfupa isikae juu ya pua mpaka daktari aruhusu, ndege usipande kabla hujauliza.

Damu ikianza tena, na inaweza kuanza hata siku ya saba au ya kumi gamba likidondoka, kaa wima, inamia mbele, sio nyuma, bana ile sehemu laini ya pua dakika 15 bila kuachia achia kuchungulia, damu ya mdomoni tema. Wenye plasta ya nje wasibane, waje moja kwa moja. Isipokata baada ya hapo njoo, usiku au mchana. Njoo pia kama una homa zaidi ya 38, pua inatoa usaha au harufu mbaya, maumivu yanazidi badala ya kupungua na pande zote zimeziba kabisa, jicho linavimba au unaona viwili viwili, kichwa kinauma sana na shingo imekakamaa, au kuna maji mepesi yasiyo na rangi yanadondoka kama bomba bovu ukiinama, hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo. Beba ile karatasi uliyopewa siku ya kuruhusiwa, na njiani usile wala kunywa kitu, maana huenda ukahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo.