Acheni Kuniomba Niwapandishe Ghorofani

Ujumbe wa tatu wiki hii uliingia jana saa nne usiku, wakati nafuta shampeni kwenye lenzi. Nilikuwa nimetoka harusini, hamtaki kujua.

"Shikamoo kaka. Nimenunua kamera. Naomba uniunganishe na mlinzi wa ghorofa lolote refu pale Posta, nataka kupiga jiji lote."

Marahaba. Hapana.

Sina ubaya na kijana. Kinachonichosha ni hilo "jiji lote", na imani iliyo nyuma yake: kwamba picha ya Dar es Salaam iko juu, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyonoga. Nimewaunganisha watu na walinzi. Nimekaa nao kwenye migahawa ya juu ya hoteli tukinywa soda ya bei ya mchele kilo mbili. Karibu wote wameshuka na picha ileile moja: mabati, matangi meusi ya maji, viyoyozi, nyaya, na kule mwisho ukanda wa bahari wenye rangi ya maziwa yaliyochanganywa na maji. Kisha wananiuliza mbona majengo hayaonekani marefu.

Hayaonekani marefu kwa sababu umepanda juu yake!

Ngoja nilieleze hili mara moja, nipate mahali pa kuwaelekeza watu. Simama ufukweni, tazama mbele. Pale maji yanapokutana na mbingu ndipo upeo wa macho. Mstari ule haubaki chini ukipanda. Unapanda na wewe, na siku zote unakaa usawa wa macho yako. Kwa hiyo ukiwa mita 100 juu, mstari huo unakata kila jengo lililo mbele yako kwenye mita yake ya 100. Jengo la mita 90 linazama lote chini ya mstari, linachanganyika na mabati na barabara. Jengo la mita 150 linabakiza mita 50 tu za kuchora mbinguni. Ukiwa kwenye sitaha ya pantoni, kile kivuko cha Kigamboni, macho yako yako kama mita 5 juu ya maji, na lile lile la mita 150 linakupa mita 145 zilizosimama wima dhidi ya anga. Mchoro wa majengo juu ya anga, ule unaotufanya tulitambue jiji kwa mbali, ndio huo. Umelipia lifti ili uufute.

Halafu kuna jambo jingine ambalo nashangaa watu wazima wanahitaji kuambiwa: ukiwa juu ya jengo, jengo hilo halimo kwenye picha. Ukipanda minara pacha ya PSPF, umepata Dar es Salaam isiyo na minara pacha. Wenzetu wa Nairobi wana ugonjwa huohuo na KICC. Jengo lile la ghorofa 28, lililokamilika 1973, ndilo sura ya mji wao, na kila mgeni anakimbilia kileleni kwake kupiga picha ya Nairobi isiyo na KICC. Raha ya kuona ninaielewa, hata mimi napenda kupunga upepo. Nazungumzia picha.

Sasa umbali. Hapa ndipo nitakapokaa, wenye haraka rukeni.

Watu wameshika msemo kwamba "lenzi ndefu", ile inayovuta vitu vya mbali, "inabana majengo", yaani inayafanya yaonekane yamesogeleana. Lenzi haibani kitu. Lenzi inakata. Piga picha kwa lenzi pana, ikate katikati kwenye kompyuta, kisha linganisha na ya lenzi ndefu ya milimita 200 uliyopiga pale pale uliposimama: majengo yatakuwa yamepangana vilevile, tofauti ni ubora tu. Kinachobadilisha mpangilio ni miguu yako.

Chukua kanisa la Azania Front, lile la Kilutheri lenye vigae vyekundu mbele ya bandari, la tangu enzi za Wajerumani. Nyuma yake maghorofa yamekua kama magugu. Tutumie namba za mfano ili hesabu iwe nyepesi: mnara wa kanisa mita 30, ghorofa la mita 150, na ghorofa liko mita 300 nyuma ya kanisa. Ukisimama mita 75 kutoka kanisani, unakuwa mita 375 kutoka kwenye ghorofa. Gawanya: 30 kwa 75 ni 0.4, na 150 kwa 375 ni 0.4. Machoni pako kanisa na ghorofa vinalingana! Sogea karibu kidogo, kanisa linashinda. Sasa vuka maji, simama mita 1,500 kutoka kanisani. Kanisa linabaki 0.02, ghorofa ni zaidi ya 0.08. Ghorofa limekuwa kubwa mara nne.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "wapi pazuri pa kupiga Azania Front?" nami namuuliza: unataka nani awe mkubwa? Ukitaka heshima ya kanisa, njoo karibu na uiname. Ukitaka kusema kwamba jiji limelimeza, nenda mbali. Lenzi utachagua baadaye, kama unavyochagua mfuko baada ya kujua umenunua nini. Simu nazo zinafuata sheria hiyohiyo. Mtu anasimama Posta, anarudisha kila kitu kidogo kwa lenzi pana ya simu, halafu analaumu simu.

Ndiyo maana jibu langu la kwanza huwa Kigamboni, ng'ambo ya bandari. Unapata umbali, unapata maji mbele yasiyojengwa ghorofa, na macho yako yako chini. Pantoni yenyewe ni nzuri pia, ila stendi ya kamera iache nyumbani: injini inatetemesha sitaha nzima, picha ya sekunde moja itatoka kama uji. Shika kamera mkononi, spidi ya shata 1/500 ya sekunde, egemea mwili wako wala usiegemee chuma. Na tafadhali, vituoni na ndani ya chombo uliza kabla hujatoa kamera. Ikulu iko jirani ng'ambo ya Magogoni, na Kigamboni kuna kambi ya wanamaji. Picha za maeneo hayo si za kupigwa, na askari hatakusikiliza ukimweleza habari za upeo wa macho. Nimejaribu.

Kuhusu mwanga. Kutoka Kigamboni jiji liko upande wa magharibi kuelekea kaskazini. Asubuhi jua linakuwa nyuma yako na linapaka majengo rangi. Jioni linazama nyuma ya majengo, unapata vivuli vyeusi juu ya chungwa. Vyote viwili ni halali. Ila msiseme "machweo ni machweo". Jua letu linahama: kutoka magharibi kamili linasogea zaidi ya digrii 23 kuelekea kaskazini mwezi Juni, na kiasi hicho hicho kuelekea kusini Desemba. Aliyepiga Juni jua likaangukia jirani na maghorofa, akirudi Desemba atalikuta limetoroka kushoto kwenda kuzama kwingine, na atadhani amekosea mahali. Hajakosea mahali, amekosea mwezi.

Mwezi wa angani nao ni kinyume. Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama na unazama jua linapochomoza, kwa hiyo mwezi mpevu wa Desemba unazama karibu na pale jua la Juni linapozama. Alfajiri hiyo, ukiwa Kigamboni, mwezi unashuka kuelekea majengoni na jua linakuja kwa nyuma kuyawasha. Hakuna paa la hoteli duniani litakalokupa hivyo.

Na maji je? Watoto wa pwani mnanishangaza hapa kuliko wa bara. Mnajua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tangu mkiwa mnavua kaa, lakini mkishika kamera mnasahau kwamba bahari inapanda na kushuka. Hapa Dar maji ya bamvua yanatofautiana zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Picha yenye maji yanayoakisi taa za Kivukoni na picha yenye matope, chupa za plastiki na ngalawa iliyolala ubavu zinaweza kupigwa pale pale siku moja. (Ya matope mara nyingine ndiyo bora, ila iwe umeichagua.) Habari njema ni kwamba siku za bamvua maji hujaa kuelekea saa kumi, alfajiri na alasiri, kwa hiyo mawio na machweo bado yanakuta maji ya kutosha, ingawa yanatoka. Siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, ndizo za kushangaza: alasiri hiyohiyo ya saa kumi yamekupwa. Tazama jedwali la maji kabla ya kutazama utabiri wa mvua.

Mengine haraka haraka. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, lina njia ya waenda kwa miguu na linakupa Upanga na Posta kutoka kaskazini, mwanga wa asubuhi ukitokea kushoto juu ya bahari. Magari yakipita linatikisika kidogo, subiri mwanya. Coco Beach ni ya mihogo. Sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927, usiiendee mchana. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua linampita utosini muda mfupi baada ya saa sita mchana, uso wote unaingia kwenye kivuli na unarudi nyumbani na picha ya kofia. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la kaskazi linaleta mazigazi juu ya maji, na lenzi ndefu mchana inakupa majengo yanayochemka. Kusi, upepo wa kusini, inasafisha hewa, lakini inapaka lenzi chumvi, kwa hiyo beba kitambaa. Droni inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Usiniambie "nitairusha dakika mbili tu", na kimsingi droni ni lile lile paa, limeota mabawa.

Ukilazimika kupiga kupitia kioo cha ghorofani, zima taa za chumba, gusisha lenzi kwenye kioo, na ujifunike kitambaa cheusi pamoja na kamera. Mimi hutumia buibui kuukuu la dada yangu. Ameshaacha kuuliza.

Sasa niwe mkweli, maana najua kuna atakayelileta kwenye maoni. Picha yangu ya Dar iliyouzwa mara nyingi kuliko zote ilipigwa juu ya paa. Ni ya Kariakoo, mvua imetoka kunyesha, miavuli imejaa mtaani kama uyoga. Hakuna mstari wa majengo wala anga ndani yake. Pale juu palifaa kwa sababu habari ilikuwa chini. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, kabla halijaungua Julai 2021, lilikuwa na paa ambalo ukiwa barabarani hulielewi kabisa. Ukilitazama kwa juu, unaona jinsi lilivyofikiriwa. Kwa hiyo paa lina kazi yake: mitaa, soko, umati, msongamano. Silikatai. Nalikatalia mtu anayetaka majengo yaonekane marefu.

Na nina wasiwasi mwingine ambao huwa siwaambii wanafunzi wangu. Napenda picha ya kutoka majini labda kwa sababu ndivyo nilivyoliona jiji kwanza, utotoni, nimeshika bomba la pantoni mkono mmoja na sketi ya mama mkono wa pili. Kijana aliyekulia Goba, mbali na bahari, pengine jiji lake ni taa nyekundu za magari usiku, na yuko sahihi. Hata zile dakika 20 na kidogo baada ya jua kuzama, mbingu inapokuwa ya nili na taa zimewaka, ambazo nimewahubiria watu kwa miaka, siku hizi nazitilia shaka. Kila mtu anazo. Mwaka jana nilipiga saa tatu asubuhi, mwanga mgumu, mwanga ninaowakataza watu, majengo meupe kama meno na mawingu madogo ya kusi nyuma yake. Nimeitundika ukutani. Sijui niwaeleze vipi wanafunzi.

Kijana wa jana nimemjibu. Mwezi mpevu ujao, saa kumi na moja alfajiri, ng'ambo ya Kigamboni. Alete kitambaa na chenji ya pantoni. Ameuliza kama kule kuna ghorofa.