Tatizo si watu 2,400, tatizo ni "nani amekutuma?"

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha harusi, mzee mmoja alisikia kwamba kazi yangu ni kura za maoni. Akanigeukia. "Mwanangu, sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 61. Nyinyi mnauliza watu 2,400 halafu mnasema Watanzania wanaona hivi na vile. Mbona mimi sijawahi kuulizwa?" Watu wakacheka, mazungumzo yakarudi kwenye michango. Nimechoka na hoja hii. Inatufanya tulinde mlango wa mbele wakati mwizi yumo uani.

La idadi nilimalize upesi. Sampuli ya watu 2,400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ina kosa la asilimia 2 hivi, juu au chini, iwe nchi ina watu milioni 6 au 60. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za maoni milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yao mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani wenye nacho, si wananchi wote. Basi.

Sasa twende kijijini. Huingii tu na dodoso lako. Unaripoti kwa mtendaji wa kata, unaonyesha kibali, unashuka kwa mtendaji wa kijiji, naye kwa wema kabisa anakupa mwenyekiti wa kitongoji akuonyeshe njia. Mwenyekiti anakufikisha, anabisha hodi, anavuta kigoda, anakaa. Maji mnachota wapi? Mama anajibu vizuri. Unaridhika kiasi gani na viongozi wa kijiji? Mama anamtupia jicho mwenyekiti, halafu anasema, "Tunashukuru." Kwenye takwimu zangu "tunashukuru" hiyo inakaa safu moja na jibu la mtu aliyeridhika kweli, na hakuna hesabu itakayozitenganisha. Nikimwomba mwenyekiti kwa heshima atupishe, mama ameshaona nimekuja na nani. Wala si woga peke yake. Mwingine anadhani naandikisha kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, basi mbuzi wake wote wanatoweka kwenye majibu.

Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, hufunga mahojiano yao kwa kumuuliza mhojiwa anadhani nani aliyewatuma. Wengi husema serikali, ingawa wadadisi walijitambulisha tangu mwanzo kwamba hawatoki huko. Wanaosema hivyo, mara nyingi, ndio wanaowasifu zaidi watawala. Vitabu vyetu hufundisha kuwalinganisha hao na wasiosema serikali, kisha kusonga mbele. Mimi nakwama hapo. Je, mtu huyu anaisifu serikali kwa kuwa anadhani inamsikiliza? Au ni mpenzi wa serikali tangu zamani, anayeiona nyuma ya kila mgeni? Nimeshaandika ripoti kana kwamba najua jibu, na hilo linanisumbua.

Ndiyo maana naamini mabadiliko ya majibu kati ya mwaka na mwaka kuliko kiwango cha mwaka mmoja, mradi woga wenyewe haujabadilika. Sauti za Wananchi, utafiti wa shirika lisilo la kiserikali la Twaweza unaohoji kwa simu, ulionyesha mwaka 2016 kwamba asilimia 96 waliikubali kazi ya Rais Magufuli, na mwaka 2018 asilimia 55. Mjadala mkubwa ukawa kama Twaweza walikuwa na kibali cha utafiti. Swali langu lilikuwa jingine: kati ya miaka hiyo, watu walizidi kuogopa kumjibu mgeni kwenye simu? Kama walizidi, basi mporomoko halisi ulikuwa mkubwa kuliko ulioonekana.

Siku hizi wadadisi wangu wanaandika pembeni ya dodoso nani alikuwa amekaa karibu, na alifika kwenye swali la ngapi. Na wewe mzee wangu wa kikao cha harusi, zamu yako ikifika, ukamwona mdadisi ameongozana na mjumbe, mwombe mjumbe akusubiri barabarani kabla hujajibu lolote.